Barua Mbili za Tajiri Ghalib

Palikuwa na tajiri mmoja mjini Tanga, muuza friji, akiitwa Ghalib Mselem. Kiburi kilimjaa hadi akawawekea wafanyakazi wake amri: barua pepe yenye jina lake itiiwe palepale, na atakayempigia simu kumuuliza, kazi hana.

Mtunza ghala lake alikuwa Mwanjaa, mjane mwenye ulimi mkali na watoto wa kulisha. Asubuhi moja ikaingia barua kwa jina la tajiri: friji zote zilizomo ghalani apewe mwenye lori atakayefika. Na lori hilo hapo getini, linanguruma. Mwanjaa akaisoma, akairudia. Barua ilisema "tafadhali". Tangu amjue Ghalib, hajamsikia akimwambia mtu tafadhali, hata mkewe.

Akitoa mali, huenda anampa mwizi. Akiuliza, wanawe watalala njaa. Akamwambia mwenye lori anatafuta funguo, akajifungia ofisini, akapiga simu.

Tajiri alikuwa harusini Dar es Salaam, mdomo umejaa pilau. Hakumpa hata nafasi ya kueleza.

"Amri yangu unaijua?"

"Naijua, tajiri. Anayepiga simu kuuliza, kazi hana."

"Basi kazi huna."

"Nimesikia. Lakini mimi naamriwa kwa barua pepe. Haya ya simu nitajuaje kama ni yako?"

"Sauti yangu huijui?"

"Sauti watu huiga, tajiri."

Ghalib akaweka sahani chini, akaandika kwa hasira, akatuma.

"Umeipata?"

"Nimeipata. Ina jina lako."

"Basi ondoka."

"Naondoka. Ila barua zako ziko mbili. Hii ya kunifukuza, na ile ya asubuhi, inayosema friji zote nimpe huyu wa lori. Ile ndiyo iliyotangulia. Acha nimpakilie kwanza, ndipo niende zangu."

Tajiri akapaliwa na pilau. Akakohoa weee, mpaka wenye harusi wakamletea maji.

"Usitoe kitu, Mwanjaa," akasema, sauti imelainika. "Barua ya asubuhi sikuandika mimi."

"Mbona ina jina lako?"

"Jina si hoja. Jina langu mwizi yeyote anaweza kuliandika."

"Kumbe," akasema Mwanjaa. "Basi na hii ya kunifukuza naifuta, tajiri. Nani ajuaye mwizi gani kaiandika?"