Ubao wa Ghorofa ya Nne

Kaeni. Na wewe ndugu yangu wa kinanda, pumzisha vidole, leo sitaki muziki chini ya maneno yangu. Kila Jumapili mnakuja hapa kutafuta faraja, na mimi nawagawia. Leo faraja iko likizo. Leo nataka tuogope kidogo, na atakayeona uoga huo haumfai, mlango ule pale uko wazi. Ila najua hamtatoka, mnaogopana.

Wengi wenu mnajua kwamba kabla sijavaa kola hii nilishika mwiko wa uashi miaka tisa. Ndiyo maana mfano wangu unatoka saiti, kwenye vumbi la saruji. Nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msije mkaanza kunong'ona hapo nje kuwa hilo jengo ni la nani.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyeajiriwa kulinda usalama wa watu kwenye jengo la ghorofa sita lililokuwa likijengwa. Wenzake walimwita Bwana Usalama. Nisikilizeni vizuri hapa: hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mvivu, hakuwa mlevi, hakula rushwa ya mtu. Alikuwa mwoga tu, na kwa kazi ile uoga ni sifa.

Siku yake ya kwanza fundi mkuu alimzungusha jengo zima. Walipofika ghorofa ya nne, fundi akamdaka mkono.

"Hapo usikanyage, bwana."

Akainama, akanyanyua ncha ya ubao mpana wa plaiwudi uliolala sakafuni. Chini yake palikuwa na shimo la lifti. Lifti yenyewe ilikuwa bado haijaletwa. Lilikuwa tundu tupu, linashuka moja kwa moja mpaka kwenye msingi, na huko chini nondo zimesimama wima. Bwana Usalama alichungulia mara moja tu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mbona ubao huu haujapigiliwa msumari?"

"Tutaupigilia. Kwa sasa tunapandishia mbao kwa kamba kupitia hapo, kila saa tunautoa na kuurudisha. Lakini usihangaike, bwana. Sisi wote tunaujua."

Sisi wote tunaujua! Jamani, mmewahi kusikia sentensi ya kutisha kama hiyo? Kwa sababu Jumatatu iliyofuata waliletwa watu wapya kumi na mmoja. Watu wazima, wengi wao wakulima ambao mvua ziliwatupa mkono mwaka ule, hawajawahi hata kupanda ngazi ya zege isiyo na ukingo. Hao walikuwa hawaujui.

Bwana Usalama alipowaona wamejipanga getini na vindala vyao, alikumbuka lile shimo. Akatoa amri: mpya yeyote asipande juu mpaka apate mafunzo. Wakae chini, wachekeche mchanga, wasombe matofali. Amri nzuri kabisa! Kisha akajifungia kwenye kibanda chake cha mabati, akaanza kupanga mafunzo.

Na alipanga, ndugu zangu. Somo la kwanza aliliandika huku lile shimo bado liko machoni mwake: UBAO ULIOLALA SAKAFUNI USIUINUE, HUENDA UMEFUNIKA SHIMO. Somo la pili: UKISIKIA MTU ANAKUPIGIA KELELE, SIMAMA HAPOHAPO ULIPO, USIPIGE HATUA. Mnaona alivyokuwa na akili? Hayo mawili peke yake yalitosha kuokoa mtu.

Lakini uoga una tabia moja. Ukiulisha karatasi, unatulia. Kila Bwana Usalama alipoota shimo, aliamka akaongeza somo. Somo la kofia ngumu, somo la buti, somo la mikanda, somo la kunyanyua mizigo bila kuumiza mgongo. Somo moja likawa masomo kumi na manne, asubuhi moja ikawa siku tatu. Akapiga mistari kwa rula kwenye daftari la mahudhurio: namba, jina, kijiji, sahihi. Na kila alipoongeza ukurasa, alilala vizuri zaidi.

Halafu, si mnatujua watu wa nchi hii? Jambo haliwezi kuanza bila mgeni rasmi. Akaandikiwa barua mkubwa mmoja wa mjini aje kufungua. Mkubwa akajibu kwamba wiki ile ana safari. Basi mafunzo yakasogezwa. Wiki iliyofuata fulana za mafunzo zikawa hazijafika. Zikasogezwa... yakasogezwa, mafunzo, mnanielewa. Mnacheka, eeh? Chekeni. Kamati ya harusi ya wiki jana imekaa pale mbele, inajua ninachosema.

Fundi mkuu akamfuata kibandani. "Bwana, hawa watu wana wiki ya tatu. Wapandishe leo hii, waoneshe lile shimo. Dakika tano tu, wanashuka."

"Dakika tano!" Bwana Usalama akashangaa. "Nikiwaambia leo robo na kesho robo, hayo ni mafunzo gani? Na mgeni rasmi akija atafungua nini? Subiri, kila kitu kina utaratibu wake."

"Haya, mwenye kazi ni wewe," fundi akasema, akaondoka zake.

Mwenye kazi ni wewe. Na fundi mwenyewe hakuwa na mdomo? Si alipita mbele ya wale watu kila asubuhi, wakamwamkia, akaitikia? Angeshindwa kusema "jamani, kule juu kuna shimo"? Nitarudi kwake, asidhani amepona.

Ikafika siku moja kabla ya ufunguzi. Safari hii mgeni rasmi amethibitisha, fulana zimefika, turubai limefungwa, viti vimepangwa. Bango nalo limeletwa, refu, limeandikwa KARIBU MGENI RASMI, USALAMA WETU NI UHAI WETU. Upepo ukawa unalisumbua, linajikunja. Bwana Usalama akaona kwamba likipata ubao mpana wa kulipigilia litakaa sawasawa. Akatazama huku na huku. Mafundi wa zamani wote walikuwa juu ya ghorofa ya tano wanamwaga zege, na zege likianza haliachwi. Waliokuwa karibu ni wale wapya tu.

Akamwita mmoja, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo anafunga kamba ya kindala chake.

"Mzee wangu, hebu panda hapo juu mara moja. Angalia kama utapata ubao mpana uniletee."

Yule mzee akasimama haraka, akavua kofia. "Nichukue ubao wowote, bosi?"

"Wowote. Ule ambao haujapigiliwa msumari."

Nyamazeni kidogo hapo. Nimesema nyamazeni, na huyo mtoto mpeni maziwa. Rudini kwenye maneno hayo. Katika jengo lile ubao mpana usiopigiliwa msumari ulikuwa mmoja. Na aliyemtuma mtu kwenda kuuchukua ndiye aliyeajiriwa kuuogopa.

Mzee akapanda, tena kwa furaha. Wiki tatu alikuwa hajaitwa na mtu kwa kazi ya maana, leo bosi mwenyewe amemtuma! Bwana Usalama akabaki chini anapima bango kwa futi. Akachukua ratiba ya kesho aitazame kidogo. Macho yakaangukia kwenye Somo la Kwanza.

Karatasi ikamtoka mkononi. Alipanda ngazi zile kama mtu anayefukuzwa. Ghorofa ya kwanza, ya pili, anaomba. Ya tatu, pumzi zimekwisha, anaomba kwa moyo tu. Akatokeza ghorofa ya nne.

Na yule mzee alikuwa mzima! Alikuwa amesimama upande wa pili, ameuinua ubao, ameusimamisha mbele yake kama mlango, anaupangusa vumbi kwa kiganja ili ampelekee bosi wake kitu kisafi. Aliuvuta kwake macho yakiwa kwenye ubao tu, shimo hakuliona, na sasa haoni mbele. Kati yake na Bwana Usalama kulikuwa na hatua sita hivi, na katikati ya hatua hizo shimo liko wazi, linatoa ubaridi. Lakini amesimama. Miguu yake iko kwenye zege. Angeendelea kupangusa tu, angekuwa mzima mpaka leo.

Bwana Usalama alikuwa na masomo kumi na manne kichwani. Mdomo ulipofunguka likatoka neno moja tu, kwa sauti kubwa ya kuogofya.

"Mzee! Mzee!"

Sasa niambieni, nyinyi mliolelewa vizuri. Nyumbani kwenu, mkubwa akikuita unafanya nini? Unasimama kama gogo? Unaitikia, halafu unakwenda alipo. Ukichelewa unaambiwa huna adabu. Mzee yule alilelewa hivyo, akawalea wanawe hivyo. Kwamba kwenye saiti ukipigiwa kelele unaganda hapohapo ulipo, hilo lilikuwa Somo la Pili, na Somo la Pili lilikuwa kesho, saa nne, baada ya chai.

"Naam, bosi! Nakuja!"

Akapiga hatua.

Sitawaeleza nilichokiwaza nilipofika hapo nikiutunga mfano huu. Ubao ulibaki juu, umekingama kwenye mdomo wa shimo. Wenzake waliposikia kishindo walidhani ni gunia la saruji.

Askari walikuja, wakauliza maswali yao. Mmoja akamwambia Bwana Usalama, "Marehemu anaitwa nani?"

Akafungua daftari lake. Mistari imepigwa kwa rula, imenyooka vizuri kabisa. Namba, jina, kijiji, sahihi. Lote jeupe. Majina yalikuwa yaandikwe siku ya ufunguzi.

"Nimekuuliza, anaitwa nani?"

"Tulikuwa tunamwita Mzee," akasema.

Mimi pia sina jina la kuwapa. Ndiyo maana tangu nianze mmesikia mzee, mzee. Nimetunga ubao, nimetunga bango, ila jina nimeliacha tupu makusudi, liwaume.

Haya, sasa sisi. Msimtazame Bwana Usalama, yeye amekwisha kupata yake. Nazungumza na wewe baba unayejua kwamba mtaani kwenu kuna nyumba fulani, binti akitumwa kule anarudi kimya na macho chini. Unaijua nyumba hiyo. Mtaa mzima mnaijua, sisi wote tunaijua! Na binti yako hujamwambia, unasubiri semina ya vijana ya mwezi wa nane, atakuja mama mchungaji kuwafundisha vizuri. Na kesho asubuhi chumvi itakapokwisha utamtuma nani, na utamtuma wapi?

Na wewe uliyesema moyoni "mwenye kazi ni mchungaji", nilikuahidi nitarudi kwako. Fundi mkuu na wewe ni mtu mmoja. Ulipita mbele yao, wakakuamkia, ukaitikia, ukaenda zako.

Msidhani siku ya hatari mtakosa sauti. Sauti mtakuwa nayo, tena kubwa. Mtapiga kelele mpaka koo zikauke. Kinachonitisha mimi, ndugu zangu, ni kwamba tunaowapigia kelele watakuja kwetu mbio, kwa heshima zote, kwa sababu hatukuwahi kuwaambia kati yetu na wao kuna nini.

Nilisema leo nataka tuogope. Sasa niwaambie ninachokiogopa mimi. Darasa la waumini wapya hapa kwetu limeahirishwa mara tatu. Mara ya kwanza tulisubiri vitabu. Mara ya pili rangi ya ukumbi ilikuwa haijakauka. Mara ya tatu askofu alikuwa na safari, na sisi tulitaka alifungue yeye. Wazee wa kanisa wasilaumiwe, barua zote tatu nilisaini mimi, na kila niliposaini nililala usingizi mzuri. Wiki mbili zilizopita nililipanga tena, nikaongeza na somo. Nilipomaliza nikajisikia mchungaji mzuri sana.

Na leo nimesimama hapa, naona watu waliokuja kwetu na vindala vyao, wakimbizi wa mambo yao, sisi tumewapa viti vya nyuma tukawaambia subirini.

Mama, wewe wa kitenge cha bluu, uliyekaa karibu na mlango. Ndiyo, wewe mama yangu. Hapana, usije, kaa hapohapo, ninashuka mimi. Hii ni Jumapili ya tano nakuona, na kila ibada ikiisha unabaki umeketi kama mtu anayengoja kuambiwa kitu. Mara nne nimekupa mkono mlangoni, nikakuambia "karibu tena mama", nikamgeukia mwingine.

Nisamehe. Jina lako nani?

Jamani, msimsemee. Mwacheni alitaje mwenyewe.