Viti Vitatu vya Chama cha Wasemaji

Wasikilizaji wangu, wakubwa kwa wadogo, sogeeni karibu. Hadithi hii ninayo mimi, lakini mwisho wake mnao ninyi. Kwa hiyo asilale mtu katikati, maana nitakapofika ukingoni nitawakabidhi kazi.

Katika mji wa Kwamhanda palikuwa na Chama cha Wasemaji, kilichoanzishwa siku ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 1987, kwa shabaha ya kuwafundisha wanachama wake kusema mbele za watu na kuwaongoza. Tulikutana kila Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya mwezi, saa tisa alasiri, katika darasa la chekechea. Watu wazima tulikalia viti vya watoto, magoti yakikaribia kugusa videvu. Mmoja alisimama akatoa hotuba. Wengine wakamsikiliza, wakampima, wakamrekebisha. Wengi walioingia mle wakitetemeka walitoka wakawa viongozi wa mitaa yao.

Chamani walikuwamo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Bi. Perepetua Mbelwa, muuguzi wa zahanati. Kipaji chake kilikuwa kusikia. Ungesema maneno elfu, naye angekuonyesha sentensi moja yenye uzito na kukuambia nyingine zote uzitupe. Ndiyo maana alikuwa mpimaji wa hotuba. Hakujua kubembeleza. Alipima hotuba kama alivyochoma sindano, haraka na bila kuomba radhi.

Wa pili alikuwa Bwana Hoza Kiluvia, gadi wa treni aliyestaafu tarehe 30 Juni 1995. Kipaji chake kilikuwa muda. Aliijua dakika kwa kuihisi, na saa yake ya mfukoni aliitazama kwa heshima tu. Kazi yake chamani ilikuwa kumwashiria msemaji kwa bendera zake za zamani: ya kijani, anza; ya njano, ambayo mkewe alimshonea kwa kitambaa cha pazia, karibia mwisho; nyekundu, keti.

Wa tatu alikuwa Bwana Sefu Mntambo, fundi baiskeli. Kipaji chake kilikuwa kunasa kusita. Alikuwa na kengele ya baiskeli aliyoifunga kwenye kipande cha ubao, na kila msemaji aliposema "eee" au "yaani", Bwana Sefu aliipiga: kriii! Kidole gumba chake kilizoea kazi hiyo hata kikawa hakisubiri amri ya kichwa.

Sasa sikilizeni sheria. Kifungu cha tisa cha katiba yetu kilisema kwamba kiti cha mwenyekiti kitakwenda kwa yule ambaye katika mwaka huo amemfaa mwanachama mwenzake kuliko wote. Kura hatukupiga kwa karatasi. Wagombea waliketi mbele ya darasa, na kila mwanachama alisimama nyuma ya kiti cha anayemtaka, watu wote wakiona. Waasisi waliamini kwamba mtu asiyeweza kusimama hadharani nyuma ya mwenzake hawezi kusimama mbele ya umati.

Siku ya Jumamosi, tarehe 7 Februari 2004, aliingia mlangoni Bi. Mwanamkuu Shekiondo, mfinyanzi wa vyungu. Yeye na wanawake wenzake ishirini na tisa waliuza vyungu katika uwanja wa stesheni, na Baraza la Mji lilikusudia kuwahamishia uwanja wa bondeni, chini ya mteremko mkali. Wananchi wangesikilizwa Alhamisi, tarehe 22 Aprili.

"Wenzangu wamenichagua niwasemee kwa sababu nina sauti ya kuita wateja," alisema. "Lakini kuita na kusema ni kazi mbili. Hata harusini kwa binti yangu nilishindwa kutoa shukrani, nikalia. Nikishindwa na safari hii, tunakwenda bondeni. Na bondeni, ndugu zangu, chungu hakifiki kizima, na masika yakija tutauza tukiwa ndani ya maji."

Tukampokea.

Tarehe 21 Februari alitoa hotuba yake ya kwanza. Alisema dakika nane. Alitaja marehemu mumewe, watoto wake, magoti yake yanayouma, na unyonge wa wanawake wote wa Kwamhanda. Kisha akalia, na baadhi yetu tukalia naye. Alipoketi, Bi. Perepetua alisimama.

"Bi. Mwanamkuu, umelia dakika nane, na mimi bado sijui unalilia nini. Umetaja maji mara moja tu, tena kwa kupita. Uliyaona wewe, au ulisimuliwa?"

"Niliyaona kwa macho yangu."

"Basi mbona umetupa machozi, maji ukayaficha? Tupa yote uliyosema. Niletee maji, na siku uliyoyaona."

Bi. Mwanamkuu alijifunga kanga yake vizuri, akatoka bila kuaga. Tarehe 6 Machi hakuja. Tarehe 20 Machi alikuja, akasimama mbele bila kumsalimu Bi. Perepetua, akasimulia maji. Hakuna aliyelia, na hakuna aliyepepesa macho.

Tarehe 3 Aprili kazi ikawa ya Bwana Kiluvia. Bi. Mwanamkuu sasa alikuwa na jambo la kusema, lakini hakujua pa kuishia. Kila alipofika mwisho aliogopa kimya, akaongeza neno. Neno likamvuta kwa watoto, watoto wakamvuta kwa marehemu, na machozi yakarudi.

"Mama, treni isiyosimama haishushi abiria," Bwana Kiluvia alimwambia. "Baraza litakupa dakika tano. Tumia tatu, uliza swali lako, keti. Mbili zilizobaki mwachie anayejibu."

"Na akinyamaza?"

"Kimya chake kimlemee mwenyewe. Wewe usimsaidie kukibeba."

Akamfundisha kuketi. Msicheke, kuketi nako hufundishwa. Jumamosi hiyo, na ile ya tarehe 17, alimketisha mara arobaini, mpaka kiti kimoja cha chekechea kikavunjika mguu.

Bwana Sefu naye alimpigia kengele. Siku ya kwanza ilikuwa kriii thelathini na moja. Siku ya mwisho, mbili. "Sasa unaenda bila pancha," alimwambia, na kwa kweli hakumfundisha zaidi ya hapo.

Alhamisi, tarehe 22 Aprili, tulijaa ukumbini kwa Baraza. Bi. Perepetua hakuwapo, ilikuwa zamu yake ya chanjo za watoto. Bwana Kiluvia aliketi mstari wa tatu, bendera nyekundu akiwa ameikunja ndani ya koti kwa makusudi. Bwana Sefu alikuwa nyuma, na kengele yake mfukoni, kwa kuwa hajawahi kutoka nyumbani bila hiyo.

Ofisa wa ardhi alieleza kwanza kwamba uwanja wa bondeni umekaguliwa na kuonekana mkavu. Alisoma karatasi yake vizuri bila kusita. Kisha aliitwa Bi. Mwanamkuu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naitwa Mwanamkuu Shekiondo. Nafinyanga vyungu. Siku ya Alhamisi, tarehe 23 Aprili 1998, nilivuka uwanja wa bondeni kwenda kumzika shangazi yangu. Maji yalinifika hapa." Akagusa kiuno. "Jeneza wanaume walilinyanyua juu ya vichwa vyao, wakatembea hivyo uwanja mzima. Leo tunaambiwa uwanja huo ni mkavu. Naomba kumuuliza Bwana Ofisa swali moja. Ulikaguliwa mwezi gani?"

Hapo zilikuwa zimepita dakika tatu. Tulimwona akivuta pumzi ya kuongeza neno. Tulijua watoto wanakuja, na marehemu yuko nyuma yao. Mdomo ulikwisha kufunguka. Ndipo bendera nyekundu ikapanda kifuani kwa Bwana Kiluvia.

"We mzee! Hapa si stesheni, shusha hiyo!" askari wa mlangoni alifoka.

Bi. Mwanamkuu aliiona, akafunga mdomo, akaketi. Ukumbi wote ukamgeukia ofisa.

Ofisa alisimama. Mwenyekiti wa Baraza, aliyekuwa na wasemaji wengine kumi na wawili wa kusikiliza, alikuwa amekwisha kuinua kalamu ili aite anayefuata.

"Eee," alianza ofisa.

Kriii!

"Yaani..."

Kriii!

"Uwanja huo, eee, ulikaguliwa, yaani..."

Kriii! Kriii!

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akagonga meza. "Nani ameingia na baiskeli humu ndani?"

Bwana Sefu alisimama, jasho likimtiririka. "Nisamehe, Mheshimiwa. Wallahi sikukusudia, ni kidole. Chamani kwetu mtu akisita, napiga."

Mwenyekiti alimtazama Bwana Sefu, kisha akamtazama ofisa kwa muda mrefu, akaweka kalamu chini. "Kwani amesita mara ngapi?"

"Mara nne, Mheshimiwa."

"Na tarehe mimi sikuisikia hata moja. Mtu anayeijua tarehe huitaja tu. Karani, niletee jalada la ukaguzi."

Jalada likaletwa, likasomwa kwa sauti. Uwanja wa bondeni ulikaguliwa mara moja tu, Alhamisi, tarehe 11 Septemba 2003, katika kiangazi ambacho hata mabomba ya mji yalikuwa yamekauka. Kabla ya adhuhuri Baraza liliufuta mpango. Wafinyanzi thelathini walibaki stesheni.

Ikafika Jumamosi, tarehe 15 Mei, siku ya uchaguzi. Mwenyekiti wetu wa zamani alikuwa amehama mji. Viti vitatu viliwekwa mbele, wakaketi Bi. Perepetua, Bwana Kiluvia na Bwana Sefu, na maneno yakaanza.

"Bila Perepetua pangekuwa na nini cha kusema?" aliuliza mmoja wa upande wake. "Angekwenda Barazani na ndoo ya machozi, wakampa pole, wakamwita anayefuata."

"Huyo Perepetua nusura atufukuzie mwanachama!" akajibiwa. "Asingerudi tarehe 20, leo tungekuwa tunamsifu kwa lipi? Aliyerudi ni Mwanamkuu, kwa miguu yake. Na siku ya vita hakuwapo."

"Nilikuwa nachanja watoto," alisema Bi. Perepetua. "Nisingekuja hata mngenipigia ngoma. Na nilichomwambia nitakirudia kesho."

Upande wa Bwana Kiluvia ukasimama. "Huyu alifundisha, tena akaenda. Askari alimfokea mbele za watu, mzee wa makamo yake, naye hakuishusha bendera. Angeishusha, swali lingezama katika machozi."

"Sawa, lakini bendera ilinyamazisha tu," wakapinga wengine. "Kumnyamazisha mtu ndiko kumfaa? Na kama angekuwa na neno jema zaidi katika zile dakika mbili, tungelijuaje?"

Upande wa Bwana Sefu nao haukukubali kupitwa. "Kalamu ilikwisha kuinuka! Hotuba nzuri ilikuwa inakwenda kuzikwa. Kriii nne ndizo zilizoleta jalada. Bila jalada, leo vyungu viko bondeni."

"Kidole ndicho kilichofanya, si Sefu! Basi tukikalishe kidole kwenye kiti!"

Tulicheka sote, na Bwana Sefu alicheka kuliko wote. Kisha akasema polepole, "Ni kweli sikukusudia. Lakini kidole hiki nilikifundisha miaka kumi na saba, kila kikao, bila kukosa. Hiyo nayo si kitu?"

Akaiweka kengele yake chini ya kiti.

Tukasimama nyuma ya viti. Mimi, niliyekuwa katibu, nilihesabu mara mbili. Nyuma ya Bi. Perepetua, saba. Nyuma ya Bwana Kiluvia, saba. Nyuma ya Bwana Sefu, saba, na nyuma ya nani nilisimama mimi, hilo msiniulize. Mtu mmoja tu alikuwa bado ameketi, naye ni Bi. Mwanamkuu.

"Kwa nini asiketi yeye mwenyewe kile kiti?" alipaza sauti mtu wa nyuma. "Aliyesema ni yeye!"

"Katiba inamtaka aliyemfaa mwenzake," alijibu Bi. Mwanamkuu. "Mimi ndiye niliyefaliwa. Siwezi kujisimamia nyuma." Akainuka kutoka kiti cha chekechea, taratibu, kwa sababu ya magoti. "Naomba nisihimizwe. Yule niliyemchukia mwezi mzima ndiye aliyenipa neno, na hata leo nikimwona moyo unanikaza. Huyu amekuwa kwangu kama baba, lakini ninapolala huwaza kama yale niliyoyameza hayakuwa na haki ya kusemwa. Na yule alitufungulia mlango kwa bahati mbaya, na mlango ukafunguka vizuri kuliko ile yote tuliyoipanga. Yule nitakayesimama nyuma yake ndiye atakayempokea mgeni mwingine anayekuja hapa akitetemeka kama nilivyokuja mimi. Nampa nani mgeni huyo?"

Akapiga hatua moja kuelekea mbele. Wagombea wote watatu walitazama sakafu.

Nami hapo ndipo ninapoweka kalamu yangu chini, na kazi niliyowaahidi sasa ni yenu. Wewe uliyenisikiliza, jiweke mahali pa Bi. Mwanamkuu, na darasa zima likikutazama. Ungesimama nyuma ya kiti cha nani? Na wale wawili uliowapita, ungewaambia nini usoni?