Finjani ya Pili

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, palikuwa na Sultani aliyewakusanya matabibu wote wa mji chini ya paa moja: wao watibu, yeye asimamie. Akawauzia matajiri hisa za nyumba hiyo, na kadiri wagonjwa walivyozidi, ndivyo bei ilivyopanda. Basi ili wazidi, akaamuru kila mgonjwa aonwe kwa muda wa finjani moja ya kahawa, kisha atoke.

Na palikuwa na fukara mmoja, Mzee Kirobo, aliyefiwa na mkewe. Hakuwa na kitu ila kibanda, na nyuma ya kibanda kaburi la marehemu. Siku moja akasikika barazani akisema, "Matajiri wetu siku hizi wananunua kikohozi cha watu." Neno likafika kwa Sultani, naye akaitwa.

"Kirobo, maadamu u mjuzi, kesho utanitajia thamani ya nyumba yangu mbele ya matajiri. Ukizidisha au ukipunguza, kibanda chako nitakibomoa, nijenge hapo nyumba ya tiba ya pili."

"Inshallah, Seyyid yangu."

Akarudi kwake, akakaa kaburini kitambo, akasali, akalala.

Asubuhi akaja kwenye nyumba ya tiba na dalali wa mnada, Sultani na matajiri wakiwapo. Akawauliza matabibu, "Jamani, nanyi mnauzwa?"

Bi Raya, mkubwa wao, akahamaki. "Mzee, shika adabu! Sisi ni waungwana."

"Basi niwieni radhi. Tokeni nje, nisije nikawapima kwa makosa."

Wakatoka. Ikawa wagonjwa nao wanakunja mikeka na kuwafuata, hata mwenye mguu mbovu akichechemea nyuma, "Ningojeni, jamani!" Yakabaki mabenchi na karani.

Dalali akanadi mpaka sauti ikamkauka. Mwisho tajiri mmoja akasema, "Mabenchi nitayachukua kwa bei ya mbao. Karani mbaki naye."

"Hiyo ndiyo thamani, Seyyid," akasema Kirobo. "Sikuzidisha, sikupunguza."

Sultani akainama, kisha kicheko kikamponyoka. "Kumbe bei ile ilinivika kilemba cha ukoka! Kibanda ni chako, Kirobo. Omba utakalo."

"Naomba finjani ya pili."

"Kahawa tu?"

"Ya wagonjwa, Seyyid. Mke wangu alitolewa hajamaliza kusema panapomuuma."

Sultani hakucheka tena. Tangu siku ile hakuinuliwa mgonjwa kabla hajatamka mwenyewe, "Nimemaliza."

Nasi tumefika ukingoni. Mungu awarehemu wote walioondoka na neno mdomoni.