Mhuri wa Bwana Vuai

Pensheni ya wazee ilitaka mtu awe ametimiza miaka sabini, na Bi Mize hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Bwana Vuai, mkuu wa ofisi, alimtazama kuanzia kanga hadi kandambili, akacheka.

"Umekuja na mkungu wa ndizi kichwani, halafu unaniambia una themanini na mbili? Wewe hamsini na nane, tena nimekuzidishia!"

Bi Mize akamkodolea macho kama anayemkumbuka mtu. "Ndivyo unavyoona, mwanangu?"

"Macho yangu hayanidanganyi."

"Basi niandikie hivyohivyo, na mhuri utie, wenzangu wasije wakaniita kizee."

Vuai akaandika, akagonga mhuri mpaka meza ikalia. Bi Mize akaifunga karatasi kwenye pindo la kanga, akaenda zake.

Mwezi uliofuata Vuai mwenyewe alitimiza sitini. Naye cheti hakuwa nacho, na bila kiapo cha mkunga aliyempokea, kiinua mgongo hakipati. Sheha wa mtaa akamwelekeza nyumba ya mkunga huyo. Akapiga hodi, akafunguliwa na Bi Mize.

"Namtaka mkunga."

"Ndiye mimi. Ulizaliwa umetanguliza miguu, ukamtesa mama yako usiku kucha."

"Alhamdulillahi! Twende ukaape, mama."

"Nikaape nini?" Bi Mize akafungua pindo. "Mhuri wako unasema nina hamsini na nane. Wewe una sitini. Nilikupokeaje na mie sijazaliwa?"

Vuai akaketi kizingitini, jasho likimtiririka. "Kalamu ninayo, mama, lakini mhuri nimeuacha ofisini."

"Kaufuate," akasema Bi Mize. "Mie bado kijana, nitangoja."