Jina la Mtoto wa Nakijwa

Sogeeni, jamani, sogeeni. Mwenye karanga agawe, mwenye usingizi akalale zake, maana hadithi ya leo ina kesi ndani yake na mimi si hakimu. Mahakimu ni nyie. Tukifika mwisho msinitazame usoni kutafuta jibu, hamtaliona.

Katika milima ya Upare, kwenye kijiji cha Kwamwenda ambako tangawizi hulimwa mpaka mlangoni mwa nyumba, walikuwapo wanawake watatu, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Bi Mwajabu, fundi cherehani, alipewa jicho. Ukipita mbele ya kibaraza chake anajua kichwani umebeba nini, na moyoni umebeba nini.

Mwalimu Sifuni wa darasa la tatu alipewa sikio. Yule alikuwa anaweza kukaa kimya na wewe, anakaa tu, mpaka unajikuta unamweleza mambo ambayo hata mkeo hujamweleza.

Na Aikande, Mama Ngowi muuza ndizi, alipewa ulimi. Mnajua wenyewe Wachaga na Wapare ni watani. Basi huyu Mchaga aliishi katikati ya Wapare miaka nenda miaka rudi, anawasema mchana kweupe kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nao wanamjibu kwamba siku akifa hawatalia, wataangusha sarafu karibu na jeneza waone kama hataamka. Wakicheka wamemaliza, kesho wanaanza upya.

Hao tuwaweke kando kidogo. Twendeni kwa Nakijwa, maana moyo uliokuwa unaungua ni wake.

Nakijwa alikuwa mjamzito, mumewe Mbwambo yuko mbali kikazi, na alikuwa na binti mmoja, Kunda, wa miaka tisa. Kunda huyo alikuwa kasuku. Anaongea akiosha vyombo, anaongea akila, anamsimulia mbuzi habari za shule. Mama yake alikuwa akimwambia, "Kunda, pumzisha basi hayo masikio yetu," na Kunda anacheka, anaendelea.

Jumapili moja ya masika, watu wakiwa kanisani, mlima ulikatika. Udongo ukashuka na mawe na migomba, ukalikumba jengo la darasa la tatu na la nne, ukalilaza chini. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyechubuka hata ukucha. Watu wakamshukuru Mungu, wakachukua majembe wakaanza kuchimba. Lakini toka jioni ile Kunda hakutamka neno.

Mwanzoni Nakijwa alisema ni hofu, itapita. Masika yakaisha, haikupita. Mtoto anakula kidogo, anafanya kazi akitumwa, ila sauti hakuna. Nyumba ikawa kimya hadi Nakijwa akawa anagonga masufuria makusudi, apate tu kelele. Alikuwa na hamu na ile sauti, hamu kama ya mtu aliyefiwa, na mtoto mwenyewe yupo pale pale anachambua mchele.

Kijiji nacho kina midomo. Huyu anasema mtoto ana jeuri, achapwe kidogo sauti itatoka yenyewe. Yule anasema ni pepo wa mlimani. Shemeji yake Nakijwa, Senkondo, ndiye aliyekuja na uamuzi. "Shemeji, Jumamosi namchukua. Kuna mzee huko tambarare anawatoa hao pepo. Watoto anawafungia ndani, anawafukiza, wanalia wee, wanapona."

"Anawafungia peke yao?" akauliza Nakijwa.

"Sasa wewe unataka wafungiwe na wajomba zao?"

Nakijwa hakulala vizuri. Kesho yake kwenye kikao cha akina mama alisimama na tumbo lake, akalia mbele za watu, akasema, "Jamani, nisaidieni. Atakayenirudishia sauti ya mwanangu, huyu niliyembeba akiwa wa kike, atachukua jina lake." Wote walisikia. Na Mpare akisikia ahadi, hasahau.

Sasa hapo ndipo jicho lilipoingia kazini.

Bi Mwajabu alimwita Kunda kumpima sare, maana ile ya zamani ilikuwa imembana. Akampima kifua, akampima mabega, huku anamtazama. Akaona jambo. Mtu yeyote akipita, Kunda ametulia. Mama yake akisogea na lile tumbo, kiganja cha Kunda kinapanda mdomoni, pap, kinaziba. Mama akiondoka, kinashuka. Bi Mwajabu akajifanya amesahau kipimo, akamwita Nakijwa tena. Pap. Kiganja kikapanda.

Alimfuata Nakijwa nyumbani kabla hata hajakunja futi yake ya kamba. "Mama Kunda, sikia. Mtoto huyu si bubu, wala hana jeuri, wala hana pepo. Huyu anachunga. Kuna kitu anakizuia kisitoke, na anakuogopea wewe na hilo tumbo."

"Kitu gani?"

"Hicho sikijui, mimi naona tu. Lakini ukimpeleka kufungiwa gizani, atakizuia mpaka kimmalize."

Senkondo alipokuja Jumamosi alimkuta Bi Mwajabu amekaa mlangoni na mkasi mkononi, anakata vitambaa. Alisalimia vizuri, akaambiwa marahaba, akageuza njia. Nakijwa aliingia ndani akapumua kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Haya, jicho limeona. Lakini limeona nini? Limeona mlango umefungwa. Ndani kuna nini, halijui. Ndipo likaja sikio.

Mwalimu Sifuni alikuwa akifundisha chini ya turubai siku hizo. Kila akitoka huko anapita kwa Nakijwa, anakaa uani na Kunda, wanasafisha tangawizi. Hamwulizi kitu. Anamsimulia mambo yake mwenyewe, jinsi alivyoogopa fisi utotoni, jinsi alivyowahi kuiba sukari akamsingizia paka. Nakijwa aliwasikia kutoka jikoni, akatamani kutoka amwambie, mwalimu, muulize basi. Akajizuia, akasonga ugali wake.

Siku moja Kunda alichukua udongo wa kwenye tangawizi, akaukanda, akajenga shule. Akaweka madirisha, akaweka na mlingoti wa bendera. Alipomaliza akaibomoa kwa ngumi.

Mwalimu hakushtuka. Akasema taratibu, "Imeanguka. Nani kaiangusha?"

Kunda alinyoosha kidole, akakiweka kwenye mdomo wake mwenyewe.

Jikoni mwiko ulimtoka Nakijwa mkononi. Alikumbuka. Ijumaa ile, Kunda alirudi amesimamishwa na mwalimu wa hesabu mbele ya wenzake kwa kukosea, akasema kwa hasira, "Hiyo shule na ianguke tu, siitaki." Na yeye Nakijwa, kwa namna tunavyowaambia watoto wetu siku zote bila kufikiri, akamkemea, "Funga huo mdomo. Mdomo huumba." Kesho kutwa yake shule ikaanguka. Mtoto akafanya kama alivyoambiwa. Alifunga mdomo.

"Umeubeba huo mzigo peke yako muda wote huu," alisema Mwalimu Sifuni, na hakucheka wala hakumwambia acha upuuzi. "Na unaogopa usije ukasema neno likampata mama. Na mdogo wako." Kunda akaitikia kwa kichwa, akalia machozi bila sauti. Nakijwa akatoka akamkumbatia, akamwambia ni mvua, mwanangu, ni mvua na yale mashamba yaliyolimwa mpaka juu kabisa. Mwalimu naye akaeleza. Kunda akawasikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa. Maneno ya watu wazima ni maneno tu. Yeye shule aliiona chini kwa macho yake.

Mmeona? Mlango umeonekana, na kilichoufunga kimejulikana. Mtoto bado yuko ndani.

Nakijwa akashuka sokoni, akamweleza Aikande. Aikande alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwa Aikande ni muujiza. Kisha akasema, "Mlete siku ya gulio. Na uwaambie hao Wapare wako waje wengi, wasilete ubahili wa miguu."

Siku ya gulio soko likafurika. Aikande akasimama katikati ya kibanda chake, kibanda cha miti na mabati chakavu, mikungu ya ndizi imening'inia huku na huku. Akaita kwa sauti iliyofika mpaka mashine ya kusaga. "Kunda, binti Mbwambo, njoo mwanangu. Nasikia mdomo wako unaangusha majengo. Mimi kibanda hiki nimekichoka, kinavuja. Niangushie."

Kunda akatikisa kichwa. Aikande akajishika kiuno, hasogei. Mtoto akakimbia, akamshika kanga akaanza kumvuta atoke, anavuta kwa nguvu zake zote, machozi yanatiririka. Nakijwa alitaka kwenda, Mwalimu Sifuni akamshika mkono.

"Hutaki? Basi nitawaomba ndugu zako. Hawa wananiombea mabaya toka nilipofika. Enyi Wapare, leo nawapa ruhusa. Semeni kianguke."

Mnafikiri walihitaji kubembelezwa? Soko zima lilipasuka. "Kianguke!" Akina mama wa tangawizi, "Kianguke!" Kwaya ya kanisani wakaigawa sauti, ya kwanza na ya nne. Mzee wa msikitini akainua fimbo, "Kianguke." Mwenyekiti wa kijiji alisahau cheo chake, anaruka kama mwanafunzi. Kibanda kimesimama. Wakasema tena, na tena, wanacheka mpaka wanashikana mabega, na Aikande ndani anawachezea ngoma. Bati halikutikisika.

Kunda akaiacha kanga. Akautazama mti wa kona hii, akautazama wa kona ile. Midomo ikafunguka.

"Kianguke."

Sauti ilikuwa ndogo na kavu, kama bawaba iliyokosa mafuta. Soko likanyamaza kimya. Na hapo hapo, puu, mkungu mmoja ukaanguka chini.

Kunda alibadilika rangi. Lakini Aikande alikwisha kuinama anasugua kichwa. "Huo nimeuangusha mimi na kilemba changu, nikiinama nikusikie. Nani kakufundisha kulaani kwa kunong'ona? Sema kama Mchaga."

Akasema kwa nguvu zaidi. Kibanda kimesimama. Akapiga kelele. Kimesimama, na kuvuja kwake kule kule. Ndipo Kunda akacheka. Akacheka, akageuka, akamkimbilia mama yake, akaweka viganja vyote viwili kwenye tumbo, akaliambia, "Uzaliwe salama." Nakijwa alikaa chini pale pale vumbini akalia kwa furaha, na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Na mtoto alizaliwa salama. Wa kike.

Sasa ndiyo kesi yenyewe. Siku ya kumpa mtoto jina uwanja wa Nakijwa ulijaa, na ahadi kila mtu anaikumbuka. Mama mkwe wake akasema mapema, majina matatu hataki kusikia. "Mtoto si gunia la kuandikwa pande zote."

Bi Mwajabu akasema, "Bila mimi, Jumamosi ile Kunda angefungiwa gizani kwa watu asiowajua. Nani angekaa naye asafishe tangawizi?" Alisema hivyo na sauti ikamtetemeka, maana hakujaliwa mtoto, na jina lake halina wa kulibeba.

"Ni kweli," akasema Mwalimu Sifuni, aliyekuwa amekwisha kupata barua ya uhamisho. "Ulituonyesha kuna mlango. Lakini bila kujua umefungwa na nini, tungeuvunja, na mtoto tungemvunja pamoja nao."

Aikande akapiga makofi. "Maneno mazuri. Mlango mmeuona, kufuli mmelijua, na mtoto yuko ndani. Nani kamtoa? Kibanda kilikuwa cha nani? Kingeanguka kweli, angekuwa chini yake nani?" Babu mmoja akauliza kwa uchungu kama kweli mtoto wa Kipare ataitwa Aikande mbele ya mizimu ya ukoo. Watu wakacheka, ila Aikande safari hii hakucheka. Miaka yote ile kijijini bado walimwita mgeni.

Wengine wakasema jina ni la wa mwanzo, bila wa kwanza hakuna wa pili. Wengine wakasema la, ni la aliyemaliza. Vijana wa sokoni nao wakadai, na sisi tuliopiga kelele je? Wakanyamazishwa.

Nakijwa aliwatazama wale wanawake watatu, na kila mmoja alimpenda. Akamchukua kichanga, akamweka mikononi mwa Kunda. "Sauti iliyopatikana ni yako. Mpe wewe jina."

Kunda akamtazama mdogo wake. Kisha akamwuliza mama, taratibu, "Nikisema, itakuwa hivyo?"

"Ukisema, mwanangu, itakuwa hivyo."

Bi Mwajabu ameshika ncha ya mtandio. Mwalimu ameinamisha kichwa anasikiliza. Aikande, kwa mara ya kwanza, hana la kusema. Kunda akafungua mdomo, wala hakuuziba.

Alitaja jina moja, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Mimi nalijua, na yule mtoto sasa anatembea. Lakini sitawaambia kabla hamjaamua, maana mkishalijua mtasema mlijua toka mwanzo. Haya, wewe uliyemaliza karanga za wenzio, anza wewe. Ungekuwa Kunda, ungemwita nani?