Njia ya Kwenda Chemchemini

Wapendwa, kabla hatujasimama kuomba, nivumilieni kidogo niwape habari za mama mmoja.

Mama huyu aliitwa Kavira, na kazi yake ilikuwa kutegua mabomu. Mnayajua yale mabomu yanayofukiwa ardhini wakati wa vita? Vita vinakwisha, waliopigana wanakwenda zao, mabomu yanabaki. Basi wako watu ambao kila asubuhi wanavaa fulana nzito na kioo cha kufunika uso, wanapiga magoti, wanayatafuta shubiri kwa shubiri ili wengine wapate kulima. Mama Kavira alifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, milimani kule mpakani.

Alikuwa na mashine yake ya kugundua chuma ardhini. Aliiita Kasuku, kwa kuwa ilikuwa na maneno mengi. Mpini wake ulikuwa umezungushiwa utepe mweusi mara nne. Akiipitisha juu ya udongo, alijua: sauti hii ni msumari, hii ni kifuniko cha soda, hii usisogee hata kidogo. Udongo wa kule ni mwekundu, wenyewe una chuma ndani, kwa hiyo Kasuku alikuwa akinung'unika kutwa nzima. Mama Kavira alishazoea. Aliuacha ule mnung'uniko upite, kama wewe unavyoyaacha mazungumzo ya jirani yapite ukutani.

Siku moja zikaja mashine mpya. Za zamani zikakusanywa, maana vipuri vyake havitengenezwi tena. Mama Kavira aliikabidhi yake mkono ukisita, nayo mpya akaipokea kama mtu anayepokea mtoto wa mke mwenzie. Ilikuwa nyepesi mno. Sauti yake nyembamba, kama mbu.

"Hii haisemi na mimi," akamwambia mkufunzi, kijana aitwaye Muhindo.

"Itasema, mama," akajibu Muhindo. "Ipe muda."

Wakaenda kwenye uwanja wa majaribio, mahali vilipofukiwa vipande kumi vya chuma visivyo na madhara. Wenzake wote walisimama kumtazama, kwa sababu yeye ndiye aliyewafundisha nusu yao. Akapita polepole, akasimika vijiti vyake vyekundu, akamaliza. Muhindo akavihesabu, kisha akavihesabu tena.

"Mama, umepata saba."

Jamani, mnaiona aibu hiyo? Fundi wa mafundi, mbele ya wanafunzi wake! Watu wakaangalia viatu vyao. Ingekuwa mimi, ningesema mashine ni mbovu. Na wewe ungesema hivyo hivyo, usinitazame.

Mama Kavira akauliza, "Hivyo vitatu viko wapi?"

Muhindo akamwonyesha. Akapiga magoti pale, akapitisha mashine tena, akasikiliza kwa makini. "Hapa nilisikia," akasema. "Ilitoa sauti ndogo. Nilidhani ni udongo."

"Kwa nini ulidhani ni udongo?"

"Kwa sababu Kasuku naye..."

Hakumaliza. Alikaa vile vile chini, mkono juu ya udongo. Sauti ndogo ya namna ile alikuwa ameisikia kwa Kasuku mara nyingi, na kila mara aliipita. Aliipita mashambani. Aliipita kwenye njia ya kwenda chemchemini, ile aliyoisafisha kabla ya mvua, ambayo sasa akina mama walipita na madumu yao kila asubuhi.

Akainuka, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa kikosi. "Mzee, naomba ile njia ifungwe."

"Njia ilishakaguliwa, mama. Ilishasainiwa. Watu watasema nini juu yako?"

"Waseme wanalotaka, mradi waseme wakiwa na miguu yao miwili."

Mkuu akaridhia, akataka kumtuma mtu kijijini. Mama Kavira akakataa, akaenda mwenyewe. Akasimama mbele ya wanawake wenye madumu, kichwa wazi, akawaambia, "Niliwaambia njia hii ni salama. Sina hakika tena. Msipite mpaka niirudie."

Mmoja, Masika, mama wa watoto watano, akamjia juu. "Tulikupigia vigelegele siku ile! Wanangu wamepita hapo miezi minne!"

"Najua," akasema Mama Kavira. "Nilikosea. Msipite."

Wakazunguka mlima mzima kufuata maji, huku wakimsema njia nzima. Naye akarudi uwanjani kwa Muhindo, akaketi na wageni wa kazi, akaanza mwanzo. Wiki tatu. Sauti hii ni nini? Na hii? Alikosea, akarudia, akakosea tena, mpaka ile sauti ya mbu ikaanza kumpa maneno.

Ndipo akairudia njia, kwa magoti. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Watu wakaanza kucheka. Siku ya tatu, hatua mbili kutoka kwenye jiwe ambapo akina mama hutua madumu wapumzike, mashine ikalia kidogo tu. Akachimbua kwa ncha za vidole. Bomu lilikuwapo.

Lilipolipuliwa mlima mzima ulitikisika. Moshi ulipotoweka, Masika akamsogelea. Hakushukuru, wala hakuomba radhi. Aliuliza swali moja tu.

"Na hii mashine mpya, haitakosea?"

Mama Kavira akafikiri. Angeweza kumpa jibu tamu. "Inaweza kukosea," akasema. "Siku nikigundua imekosea, nitakuja kuwaambia mwenyewe."

Masika akajitwika dumu lake, akatangulia kupita. Wenzake wakamfuata.

Wapendwa, waliiamini mashine? Mashine haikuwaahidi chochote. Walimwamini mtu aliyekuja kuwaambia "nilikosea" kabla hajaulizwa na yeyote. Sasa sisi. Mzazi, kuna neno ulilomwambia mwanao miaka iliyopita, na leo unajua halikuwa sawa, umemrudia? Mzee wa kanisa, kuna mtu ulimhukumu kwa masikio yako ya zamani. Na mimi mhubiri, nimesema mengi hapa mbele yenu kwa uhakika mkubwa, na mengine nilikuwa nasikia mnung'uniko nikaupita. Tunaogopa kuchekwa. Lakini kuna watu wanapita kwenye njia tulizowaonyesha sisi, asubuhi hii hii, na watoto migongoni. Mungu atupe magoti ya mama yule. Simameni, na anayejua ni nani anayepaswa kumrudia, asingoje tumalize kuomba. Mlango uko wazi, aende sasa.