Ngurumo za Mzee Mbelwa

Mwenye ngurumo ndani hasikii hodi mlangoni. Basi wajukuu zangu, kwa kuwa mmeisikia leo na mnataka kujua ilikotoka, tulieni niwaeleze. Methali hii ilianza hivi.

Pale Korogwe palikuwa na mzee mjane, Mbelwa, mstaafu wa kiwanda cha mkonge. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mwanakheri. Binti alipoleta mchumba, mzee akamkataa. Wakatupiana maneno makali, na Mwanakheri akaondoka na mchumba wake bila kuaga. Walikohamia hakuna aliyekujua.

Nyumba ikapoa. Mzee akila, anajisikia akitafuna. Akaona dawa ni muziki. Akanunua amplifaya kubwa na spika nne zenye kimo cha mlango. Kila alasiri alifungulia rumba hadi vikombe vikatembea kabatini. Watu wakasema mzee anastarehe. Kumbe anamkimbia binti yake, na binti yumo humo humo kifuani.

Jumamosi moja, wimbo ulipokwisha, jirani yake Bi Saumu akaingia na ungo mkononi.

"Mbelwa, una moyo wa jiwe wewe! Mtoto amepiga hodi mara tatu, hujamwitikia!"

"Mtoto yupi?"

"Una wangapi? Mwanakheri! Amebeba kichanga mgongoni."

Mzee akashika ukuta. "Sikusikia, Saumu. Wallahi sikusikia."

"Ndivyo nilivyomwambia. Nikasema, mwanangu, baba yako hasikii, ingia tu. Akanijibu, 'Anasikia, shangazi. Hukuona alivyoongeza sauti?'"

Na kweli, mzee alikuwa ameongeza. Wimbo ule Mwanakheri aliupenda tangu utotoni.

Nanyi mnajua desturi yetu: hodi ni tatu. Usipokaribishwa, unageuza. Mzee alikimbilia stendi peku, akakuta basi limeshaondoka.

Jumatatu akapakia mitambo yake kwenye mkokoteni hadi kwa Saguti, fundi redio.

"Nibadilishie. Nataka ndogo."

Fundi akacheka. "Wenzako wanapanda, mzee, wewe unashuka? Au njaa imebisha?"

"Washa hiyo, halafu toka nje upige hodi."

"Nipige hodi dukani kwangu mwenyewe?"

"Piga!"

Amplifaya ya kwanza ilikuwa ndogo, lakini besi yake iliunguruma; mzee hakusikia kitu. Ya pili, akaisikia hodi ya tatu. "Ya tatu mtu ameshageuka," akasema. "Lete nyingine." Fundi akatoa kijiamplifaya kilichofifia rangi, na spika mbili zinazotoshana na mkate wa boflo. Muziki ukatoka kwa upole, kama mtu anayeimba huku anapepeta mchele. Huko nje fundi akaita mara moja tu.

"Karibu!" mzee akaitika, na machozi yakamtoka. "Hiki hiki."

Vijana wa mtaani wakamtania. "Mzee Mbelwa, redio yako imekonda! Hailishwi?"

Akawajibu bila hasira, "Mwenye ngurumo ndani hasikii hodi mlangoni." Wakalichukua neno lile wakaenda nalo sokoni, wakilicheka. Waliokuwa na watu wao mbali hawakucheka.

Tangu hapo alikaa karibu na mlango, muziki ukiwa chini. Hodi ya kwanza haijaisha, ameshasimama: "Karibu, mwanangu! Karibu!" Mara ni muuza mchicha, mara ni mtoto aliyetumwa kuomba chumvi. Mzee alinunua mchicha, akatoa chumvi, akarudi kitini.

Mwanakheri hakuja msimu ule, wala uliofuata. Bi Saumu akamwonea huruma. "Zima hata hicho kidogo, Mbelwa, upumzike."

"Nikizima, akipita atadhani sipo," alisema. "Nikikiongeza, atadhani simtaki. Kiache hapo hapo." Ule wimbo wa Mwanakheri ulipoanza, safari hii akaupunguza kidogo, akageuzia sikio njiani.

Ndiyo maana tunasema, wajukuu zangu: mwenye ngurumo ndani hasikii hodi mlangoni.